Upanga wa Kapteni Isurugi

Kijiti kilikuwa kibichi.

Mzee Kuramochi alikisukuma kwa nyundo yake ndogo ya shaba, kikatoka kwenye mpini wa upanga na kumdondokea kiganjani. Hapo ndipo alipopaswa kumrudishia mwenyewe upanga wake na kumwambia aende zake. Kijiti cha mwanzi kinachoshika chuma ndani ya mpini, kikikaa miaka thelathini, huwa kikavu na cheusi. Hiki kilikuwa cha kijani na kilitoa utomvu. Alipokinusa, kilinukia kama mwanzi uliokatwa asubuhi ile ile.

"Upanga huu ulifunguliwa lini mara ya mwisho?"

"Haujafunguliwa, Mwalimu," alijibu Bi. Fumie. "Ulikuwa juu ya dari tangu baba aliporudi kutoka vitani. Mafundi wa paa ndio walioushusha juzi. Nikaupeleka polisi, wakanipa karatasi, nikaja kwako."

"Dari inavuja?"

"Mpaka kwenye sahani za chakula."

Ilikuwa Juni, mwezi ambao mvua ya Takaoka hainyeshi kwa nguvu ila haiondoki. Upanga uliolala miaka thelathini chini ya paa linalovuja ulitakiwa uwe umeliwa na kutu. Kuramochi aliona hilo nalo, akalipita. Alikuwa na haraka ya kumaliza, kwa sababu ala ile iliyopakwa rangi ya jeshi na maua ya chuma kwenye mpini vilimwambia kwamba hapa hakuna kitu.

Mtaani kwetu tulimheshimu mzee huyu, lakini kumpenda ilikuwa kazi. Kwa miaka arobaini alikuwa akihakiki panga, na kila mwezi alikuwa mmoja wa wakaguzi wawili walioketi kwenye ofisi ya mkoa kuamua hatima ya kila upanga. Upanga uliofuliwa na mhunzi kwa mkono huandikishwa na mwenyewe akautunza. Ule wa kiwandani, uliotengenezwa haraka wakati wa vita, ni silaha tu, nao hukatwa vipande vitatu. Kuramochi hakuwahi kumstahi mtu. Alimwambia shemeji yake, tena siku ya harusi, kwamba urithi wa ukoo wao ulifaa kuchokolea moto.

"Niambie ukweli tu," alisema Bi. Fumie, mama wa miaka hamsini na kitu, mikono ameifumbata magotini. "Baba alikuwa kapteni. Watu walikuwa wakisema makapteni wa mikoani walipewa vyuma vya ovyo."

Kuramochi aliinamia upanga kwa heshima, akaweka karatasi laini mdomoni na kuibana kwa meno. Hivyo ndivyo ifanywavyo, kwa sababu tone moja la mate huacha doa kwenye chuma, na mtu mwenye karatasi mdomoni hasemi. Katika miaka yote arobaini hakuwahi kusema neno mbele ya upanga ulio uchi.

Akauchomoa.

Chuma kilikuwa na mishipa kama ya ubao mzuri, na kando ya makali ulipita utepe mweupe wa moto wa mhunzi, mpana hapa, mwembamba pale, kama ukungu wa alfajiri juu ya mpunga. Ulikuwa na miaka mia sita, tena wa mkoa wetu huu huu. Mtu fulani katika ukoo wa Isurugi, ukoo wa Bi. Fumie, alikuwa ameuvisha urithi wa mababu nguo za jeshi, ukaenda vitani. Kuramochi alikuwa ameusubiri upanga wa namna ile maisha yake yote.

Akauvua mpini, akatazama shina, ile sehemu inayofichwa ndani ya mpini. Kutu yake ilikuwa nyeusi na laini, kutu ya kweli ambayo hakuna mghushi aliyeweza kuiiga. Mgongoni mwa shina palikuwa na vijialama vilivyokatwa kwa tupa, kimoja baada ya kingine. Alivihesabu vikawa ishirini na sita.

"Mwalimu?" Sauti ya Bi. Fumie ilikatika. "Ni wa kweli?"

Alifungua mdomo na karatasi ikaanguka.

"Halisi," alisema.

Pumzi yake ilitua juu ya chuma na kufanya ukungu, kama ilivyo kawaida. Lakini ukungu ule haukuyeyuka. Ulizama ndani, kama maji yanavyozama mchangani, na chumba kikanuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Bi. Fumie hakuona kitu, alikuwa analia kwa furaha. "Masikini baba! Laiti ungemjua. Alikuwa mpole, Mwalimu, hata mbu hakuwa anampiga. Baridi yabisi ndiyo iliyomtesa. Mkono wa kulia aliufunga kwenye mshipi wa nguo yake tangu aliporudi kutoka vitani mpaka anakufa. Alikula kwa kushoto, akaandika kwa kushoto. Hata kuoga alioga umefungwa."

Kuramochi aliitikia kwa kichwa tu, macho yamegota kwenye upanga. Angemsikiliza mama yule vizuri, habari hii ingeishia pale.

*

Ukaguzi wa mkoa ulikuwa baada ya siku kumi, na upanga ukabaki kwake. Siku ya kwanza, saa sita mchana, alikuwa anakula tambi na mkewe Sawae.

"Baba Yasuo, umefunga bomba la karakana?"

"Karakana haina bomba, Mama Yasuo."

Haikuwahi kuwa nalo, maana maji ni adui wa chuma. Wakatazamana, vijiti vya kulia vimesimama hewani. Huko karakana mtu alikuwa akichota maji kwa upawa na kuyamimina polepole juu ya kitu chembamba, na matone yalisikika yakidondoka kwenye ncha. Kisha sauti ya mwanamume, bila haraka, ikaanza kuhesabu. Ilifika ishirini na sita ikanyamaza, kama mtu anayemngojea wa nyuma asogee apige magoti.

Kuramochi alijua kile ni nini. Rika lake lote linajua, ingawa husema wakishalewa tu. Kabla ya kukata shingo ya mateka, upanga humwagiwa maji ili damu isigande. Alisema ni panya, na Sawae akajifanya ameamini.

Siku ya pili Sawae alimpa samaki amkate kichwa. Alikuwa changu mkubwa wa kutosha watu sita. Kisu kilishuka mara moja, kikapita kichwa, kikapita ubao, kikazama kwenye meza vidole vitatu.

"He! Mzee mzima, umekula nini leo?" Sawae alicheka.

Naye akacheka, lakini hakumwambia mkewe kilichomtisha. Mkono ulikuwa mwepesi, na pigo lile lilikuwa tamu. Alikuwa anatamani samaki mwingine.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alijikuta amesimama uani kwenye mvua, mikono ya nguo ameifunga kwa kamba kama mtu aliyejiandaa kwa kazi, upawa ukiwa mkono wa kushoto na upanga ukiwa wa kulia. Kando ya ukuta walikuwa wamelazwa paka watatu wa jirani, wamepangwa kwa mstari ulionyooka, na vichwa vyao vimewekwa pembeni vikitazama upande mmoja. Mvua ilikuwa inaosha damu kuelekea miguuni mwake. Hakukumbuka hata hatua moja. Aliwafukia kabla jirani hajarudi kutoka kiwandani, akaufunga upanga sandukuni kwa kufuli mbili, na funguo akazitupa kisimani.

Siku ya nne Sawae alikuwa jikoni akiosha majani ya figili, ameinama juu ya beseni, nywele zake za mvi amezibana juu ili zisimwangukie, na Kuramochi akiwa sebuleni na gazeti lake akasikia maji yanamiminwa, karibu safari hii, karibu na sikio lake mwenyewe, akasikia ile hesabu inaanza na akataka kumwita mkewe amwambie kimbia, lakini ulimi ulikuwa umelala kinywani kama wa mtu mwingine, na hesabu ikafika kumi, ikafika ishirini, na gazeti lilikuwa sakafuni na yeye alikuwa anatembea, anasikia mkeka chini ya nyayo, kisha ubao wa ujia, kisha sakafu ya baridi ya jikoni, na mbele yake hapakuwa na Sawae wala jiko, palikuwa na shingo tu, nyeupe, imeinama, na sauti ikasema ishirini na sita na kutulia, na mkono wake ukapanda.

Chungu cha maharage kikafurika. Sawae akageuka kukiepua.

Ndicho kilichomwokoa. Upanga uliokuja kwa ajili ya shingo uliikata ndewe ya sikio, ukashuka begani mpaka kwenye mfupa. Damu iliruka ukutani, ikajaa kwenye beseni la majani. Sawae alipiga yowe moja, na yowe lile likamrudisha Kuramochi mwilini mwake. Alijiona ameunyanyua upanga kwa pigo la pili. Kufuli zote mbili zilikuwa zimelala mlangoni, zimekatwa.

Alijitupa chini. Aliukandamiza mkono wa kulia kwa goti, akaung'ata mpaka ukauachia mpini. "Nimekuua," alilia. "Mama Yasuo, nimekuua."

"Si wewe." Sawae alikuwa amejibana kitambaa begani, midomo imemkauka. Alinong'ona kama vile kuna mgonjwa chumba cha pili. "Mkono wako naujua miaka arobaini na mitatu. Ule haukuwa wako. Niitie daktari, kisha umwite mtawa."

Daktari alimshona nyuzi thelathini na moja. Aliambiwa kioo cha mlango kimemwangukia. Alilitazama jeraha, akamtazama Kuramochi, akafunga mkoba wake. Ndivyo tulivyo mtaani kwetu, tunajua kunyamaza.

*

Mtawa Jikai wa hekalu la nyuma alikuja asubuhi iliyofuata. Alikaa na upanga peke yake akisoma dua, na alipotoka, damu ilikuwa inamtiririka puani mpaka kwenye kanzu.

"Wale ishirini na sita nimewaombea," alisema kwa sauti ya chini. "Wamekwenda, masikini, walikuwa wamechoka. Lakini aliyebaki hakuwahi kuwa mtu. Ni jini. Lilizaliwa ndani ya chuma siku alipokatwa wa kwanza, likanyonya pumzi za wote. Mimi hufukuza kilichoingia. Hili halikuingia, lina kwao humo. Na ulilipa pumzi yako, Kuramochi. Ulisema mbele yake."

"Neno moja tu."

"Lilikutosha kukujua. Limekushika wapi, sijui." Alijifuta pua. "Vunja nyumba yake. Chuma kikatwe."

"Si changu nikikate. Polisi wameshakipima na kukiandika. Kikiwa cha kiwandani, sheria inakikata. Kikiwa halisi, sheria inakilinda, na mwenye neno ni mwenyewe."

"Basi zungumza na mwenyewe."

Alikwenda. Bi. Fumie alimpokea kwa chai na vitafunio, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaisogeza ile sahani ya vitafunio mbali naye.

"Umeutamani," alisema.

"Mama, upanga ule unaua."

"Kwani upanga kazi yake nini, kumenya matikiti?" Akakivuta na kikombe chake cha chai. "Nilionywa mimi. Waliniambia, wakaguzi wakiona kitu kizuri hukiponda, ili mwenyewe akitupe wao wakiokote. Nikasema huyu hapana, huyu mdomo wake umenyooka. Kumbe!"

"Basi ukate wewe mwenyewe. Nitasimama mbali."

"Sithubutu! Miaka thelathini watu wanamcheka baba yangu, eti kapteni wa bati. Upanga ule utakaa sebuleni kwangu, mahali pa heshima. Wajukuu zangu wawili watafanyia kazi za shule chini yake, wajue babu yao alibeba nini."

Kuramochi aliwaona watoto wale wameinamia madaftari, shingo mbili ndogo. Hakubisha tena. Njiani mvua ilimlowesha na hakufungua mwavuli, maana alikuwa ameshajua lililobaki, na lilikuwa linamuuma kuliko kifo. Duniani wamejaa walaghai wanaochukua chuma kibovu na kukiandika jina kubwa. Yeye alikuwa anakwenda kuchukua upanga bora kuliko zote alizowahi kuzishika na kuufanya takataka. Baada ya hapo ilimbidi asimame mbele za watu na kuapa kwamba ni takataka.

Kazi waliifanya saa tatu asubuhi, milango yote wazi. Sawae, bega limefungwa bandeji, aliufunga mkono wa kulia wa mumewe kwenye mshipi wa nguo yake, mafundo matatu. Kuramochi aliona mkono ulivyofungwa na kitu kikamgusa moyoni, akakumbuka kidogo maneno ya Bi. Fumie, lakini moto ulikuwa umeshakolea na hakuwa na nafasi ya kufikiri.

Kwa mkono wa kushoto aliupitisha upanga juu ya makaa. Rangi ya bluu ilikimbia kwenye chuma, na ule utepe mweupe uliodumu miaka mia sita ukazimika kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Alilia waziwazi, kamasi zikimtoka. Kisha wakaubana kwenye jiliwa, akashika tupa na kuanza kufuta zile alama. Kila aliyoifuta ilitoa maji. Yalikuja mekundu, yakajaa kwenye meza, yakadondoka, na chuma kikaanza kuguna kooni kama mtu anayekabwa.

"Usiache," alisema Sawae. "Usiyatazame, piga tupa!"

Akashika muhuri wa chuma aliouchonga usiku kucha kutokana na tupa kuukuu, alama ya karakana ya jeshi, akauweka kwenye shina. Sawae aliushikilia, yeye akapiga nyundo. Pigo la tatu lilipotua, jiliwa lilifyatuka. Upanga uliruka na kumwingia Kuramochi pajani mpaka ukatokea upande wa pili. Mkono wa kulia ulikata fundo moja, ukakata la pili, vidole vikiutafuta mpini. Sawae aliuangukia mkono ule kwa uzito wake wote, akaukalia, nyuzi za bega zikikatika moja moja, na mumewe akauchomoa upanga pajani kwa kushoto huku akinguruma.

Muhuri ulikuwa umekaa vizuri. Hata yeye asingeutambua.

*

Kwenye ukaguzi alikwenda na fimbo. Mkaguzi mwenzake, Hashizume, kijana wa miwani aliyependa panga kuliko watu, aliugeuzageuza upanga ule kwa muda mrefu.

"Moto wake umekufa na muhuri upo," alisema. "Ila Mwalimu, umbo hili! Mtu wa kiwandani angelijulia wapi?"

"Hata kiwandani walikuwepo watu wenye macho."

"Kwa hiyo unasemaje?"

Chumba kilikuwa kimejaa watu na vifurushi vyao. Bi. Fumie alisimama mbele kabisa, amevaa kimono chake cha sherehe.

"Wa kiwandani," alisema Kuramochi. Ulikuwa uongo wake wa kwanza juu ya chuma, na ulimtoka kwa sauti ile ile ya siku zote.

"Ulisema halisi," Bi. Fumie alisema polepole. "Mbele yangu. Ulisema kwa mdomo wako."

"Nilikosea."

"Wewe hukosei!" Alipiga meza kwa viganja vyote viwili. "Wewe hukosei, kila mtu anajua! Umemfanya nini baba yangu?"

Walimtoa nje kwa mikono. Kuramochi alitazama karatasi zake. Hakuna aliyemfuata kumuuliza, kwa sababu neno lake lilikuwa halijawahi kuulizwa.

Vyuma vile hukatwa kwenye karakana ya Nozue, jirani na kituo cha treni, kwa mashine inayokanyagwa kwa mguu. Kuramochi alisimama pale akaushuhudia. Kipande cha kwanza kilipotoka, mashine ilitoa maji ya upawa mzima. Cha pili kilipotoka, Nozue alitukana akaruka nyuma, maana alisikia mtu amepumua. Kisha kimya. Nje mvua ikakatika, na jua likawaka juu ya mapaa.

"Tumemaliza," Kuramochi alimwambia mkewe.

*

Walikaa kwa amani siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, wakila chakula cha mchana, Sawae aliweka bakuli chini.

"Baba Yasuo. Kwa nini unakula kwa kushoto?"

Alitazama. Vijiti vilikuwa mkono wa kushoto kweli. Wa kulia ulikuwa mapajani, umejiingiza wenyewe chini ya mshipi wa nguo, na hakujua tangu lini.

Hapo ndipo maneno ya Bi. Fumie yalipomrudia yote, hadi la kuoga. Miaka thelathini mpole yule alikuwa amejifunga, upanga ukiwa darini. Haikuwa baridi yabisi.

Aliinuka, akaingia karakana, akafungua dirisha ili apate mwanga mzuri. Aliuinamia mkono wake kwa heshima. Aliweka karatasi mdomoni akaibana kwa meno, kisha akaugeuza mkono kwenye mwanga, polepole, juu na chini, kama alivyogeuza panga maelfu. Chini ya ngozi ulipita utepe mweupe, mpana hapa, mwembamba pale. Kwenye kiwiko palianza kutu nyeusi na laini, ambayo mghushi hawezi kuiiga. Mgongoni mwa mkono palikuwa na alama ishirini na sita, na mbele yake ngozi safi, tayari kwa nyingine. Sawae alisimama mlangoni akisubiri.

Akatoa karatasi mdomoni. Angeweza kumwambia mkewe ni ukurutu.

"Halisi," alisema, na safari hii hakudanganya.

Nozue aliwaona wanaingia akadhani wameleta chuma. "Vipande vitatu vilitosha, Mwalimu. Sheria ndiyo inavyosema."

"Kuna cha nne."

Kuramochi alipokunja mkono wa nguo na kuulaza mkono wake kwenye mashine, Nozue alitupa glovu zake. "Mimi nakata vyuma! Mimi sikati watu!" Akakimbilia simu. Maji yalianza kumiminika, na hesabu ikaanza, ya haraka, ya kupiga kelele, na vidole vikakamata ukingo wa mashine vikijivuta vitoke. Mguu wa Kuramochi haukumtii. Ulikwama juu ya kikanyagio.

"Fumba macho, Mama Yasuo. Toka nje."

"Nani atakanyaga, basi?" alisema Sawae, akakanyaga.

Mashine iliupitia mkono chini kidogo ya kiwiko bila kuhangaika. Ulianguka sakafuni, vidole vimefumba kama vilivyoshika mpini, ukajiburuta hatua mbili kumwelekea Sawae. Halafu vidole vikafunguka, kimoja kimoja, na damu ikaanza kutoka kama damu ya kawaida.

*

Bi. Fumie alikuja Septemba. Alikuwa amekuja kumtukana, alisema mwenyewe baadaye, na matusi alikuwa ameyapanga njiani. Kuramochi alimkaribisha kwa chai, akaimimina kwa kushoto, na mkono wa nguo wa kulia ukaning'inia mtupu.

Mama yule aliutazama kwa muda mrefu. Uso wake ulibadilika kidogokidogo, kama mtu anayesoma barua ndefu.

"Baba aliufunga," alisema.

"Ndiyo."

"Hakuwa anaumwa."

"Hapana. Alikuwa mtu mwema kuliko unavyojua, mama. Miaka thelathini alikulinda."

"Kwa hiyo ulikuwa halisi." Machozi yalimdondoka kwenye viganja. "Nimekuita mwizi mjini kote. Nisamehe, Mwalimu."

Na kwa kuwa alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, aliweka mikono miwili juu ya mkeka na kuinama, paji la uso likagusa chini. Nywele zake alikuwa amezibana juu. Shingo yake ilikuwa nyeupe, imenyooka, haina hata mkufu.

Kuramochi alihisi mkono wake wa kulia, usiokuwepo, ukipanda taratibu mpaka juu ya bega na kutulia pale, mwepesi na mtamu.

"Baba Yasuo," Sawae aliita kutoka jikoni kwa sauti ndogo. "Nani anamimina maji?"